Wiki ya Kimbunga Hidaya: Muislamu Mbele ya Upepo, Mvua na Radi

Kila sifa njema anastahiki Allah (s.w.), anayezituma pepo na kuyateremsha maji kutoka mawinguni. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake, masahaba zake na wote wanaofuata mwendo wao.



UTANGULIZI

Sisi wa Laela tunakaa juu ya uwanda wa Ufipa, mbali sana na Bahari ya Hindi. Mvua yetu tunaijua: huanza mwezi wa Novemba, hukoma Aprili au mwanzoni mwa Mei, kisha huja baridi na upepo mkavu wa kiangazi. Kwa hiyo mtu wa huku akisikia redioni kwamba kimbunga kinaelekea Mtwara, Lindi na Mafia, ni rahisi kudhani kwamba habari hiyo haimhusu.

Lakini yapo maneno ambayo hayana pwani wala bara. Kila yanapotokea maafa ya mvua na upepo, utayasikia sokoni, barazani na hata msikitini. Maneno hayo ni matatu:

(a) "Wale wameadhibiwa kwa sababu ya maasi yao."
(b) "Hawa wanaotabiri mvua wanadai kujua ghaibu."
(c) "Kama imeandikwa utakufa, utakufa tu. Tahadhari ya nini?"

Anayeyasema hudhani kwamba anatetea dini. Katika somo hili tutayapima kwa Qur-ani na Sunna, tukichukua mfano wa wiki moja ya Mei 2024, wiki ya kimbunga Hidaya. Kisha tutarudi nyumbani kwetu, kwenye radi.

YALIYOTOKEA WIKI ILE

Mwaka 2024 ardhi ya Tanzania ilikuwa imeshashiba maji kabla hata kimbunga hakijatajwa. Msimu ule ulikuwa wa El Nino. Tarehe 25 Aprili 2024 Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alilieleza Bunge kwamba mafuriko na maporomoko yalikuwa yameua watu 155 nchini. Mito ilikuwa imejaa na mashamba yamelowa.

Jumatano ya tarehe 1 Mei Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) ilitangaza kuwepo kwa mgandamizo mdogo wa hewa baharini, mashariki ya pwani ya Mtwara. Siku iliyofuata mgandamizo huo ukafikia hadhi ya kimbunga kamili na kuitwa Hidaya. Ijumaa ya tarehe 3 Mei kilikuwa na nguvu zake zote kikiwa bado baharini, na usiku wa kuamkia Jumamosi mvua kubwa na upepo mkali vikaanza kuipiga mikoa ya Lindi na Mtwara. Boti za abiria kati ya Dar es Salaam na Zanzibar zilisimamisha safari. Nchini Kenya, ambako mafuriko yalikuwa yamekwisha kuua watu wengi, Rais William Ruto aliahirisha kufunguliwa kwa shule.

Jumamosi ya tarehe 4 Mei kimbunga kiliingia nchi kavu katika kisiwa cha Mafia, na ilipofika usiku TMA ikatangaza kwamba kimepoteza nguvu. Upepo ulikwisha, lakini maji yalibaki. Barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Lindi na Mtwara ilikatika Somanga na sehemu nyingine za Kilwa, na magari yakakwama pande zote mbili kwa siku kadhaa.

Jina Hidaya lisitushangaze. Nchi za kusini magharibi mwa Bahari ya Hindi huandaa orodha ya majina kila msimu kwa mpangilio wa herufi. Hidaya, yenye herufi H, ilikuwa ya nane katika msimu ule, na baada yake mwezi huohuo ikafuata Ialy. Neno lenyewe kwa Kiarabu ni uongofu, na kwa Kiswahili chetu ni zawadi. Ni jina la kutambulishia tu, si hukumu ya dini juu ya watu waliopigwa na upepo.

KIMBUNGA NI NINI?

Maji ya bahari yakipata joto la nyuzi 26 au 27 za Selsiasi na kuendelea, mvuke mwingi hupanda juu. Huko juu hupoa, ukageuka mawingu na kutoa joto lake. Joto hilo huinua hewa zaidi, na hewa nyingine hukimbilia chini kujaza nafasi. Kwa kuwa dunia inazunguka, hewa inayokimbilia hapo hupindwa ikaanza kuzunguka. Upande wetu wa kusini mwa Ikweta huzunguka kwa kufuata mshale wa saa. Kikifika nchi kavu, kimbunga hukosa maji ya moto yanayokilisha, nacho hufa.

Karibu na Ikweta nguvu hiyo ya kupinda upepo ni ndogo. Ndiyo sababu vimbunga vingi huishia Madagaska na Msumbiji, na ni vichache sana vinavyofika kwetu. Vichache, lakini vipo. Tarehe 15 Aprili 1872, zama za Sultani Barghash, kimbunga kiliipiga Zanzibar, kikavunja vyombo bandarini na kung'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja. Pemba haikuumia kiasi hicho, na tangu hapo ikawa ndiyo kisiwa kikuu cha karafuu. Mwezi wa Aprili 1952 kimbunga kingine kiliipiga Lindi.

Watu wa 1872 hawakuwa na wa kuwaonya. Waya wa telegrafu wa chini ya bahari ulifika Zanzibar mwaka 1879 tu, miaka saba baadaye. Watu wa 2024 walipata siku tatu za kujiandaa. Siku tatu hizo ni neema ya Allah (s.w.), na neema huulizwa imetumiwaje.

MVUA YA IJUMAA HADI IJUMAA

Madina nayo ilipata wiki ya mvua. Anas bin Malik (r.a.) anasimulia, katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, kwamba mtu mmoja aliingia msikitini siku ya Ijumaa Mtume (s.a.w.) akiwa anahutubu. Akalalamika kwamba mali zinaangamia na njia zimekatika kwa ukame, akamtaka amuombe Allah (s.w.) mvua. Mtume (s.a.w.) akainua mikono akaomba. Mbingu zilikuwa nyeupe, hazina wingu. Wingu dogo mfano wa ngao likatokea nyuma ya mlima Sal', likapanda, likatanda, mvua ikanyesha. Anas (r.a.) anasema hawakuliona jua kwa muda wa wiki nzima.

Ijumaa iliyofuata mtu akaingia tena kwa mlango uleule wakati wa hotuba. Safari hii akalalamika kwamba mali zinaangamia na njia zimekatika kwa mvua! Mtume (s.a.w.) akainua mikono akaomba mvua iwe pembezoni mwao, isiwe juu yao: inyeshe vilimani, mabondeni na penye miti. Mvua ikakatika, watu wakatoka wakitembea juani. (Lafudhi ya Kiarabu ya dua hii muisome kwa mwalimu, mwihifadhi.)

Tutazame mambo matatu katika kisa hiki.

Kwanza, kitu kilekile kilichokuwa rehema Ijumaa ya kwanza kiligeuka dhiki Ijumaa ya pili. Mkulima wa Ufipa analijua hili: mvua inayootesha mahindi ndiyo hiyo hiyo inayoozesha maharage yasiyovunwa.

Pili, Mtume (s.a.w.) hakuomba mvua iondoke moja kwa moja. Aliomba ihamie pale inapofaa. Huku ndiko kuomba kwa adabu, bila kukataa neema ya Mola.

Tatu, na hili ndilo kubwa: wale waliofikwa na dhiki ya mvua walikuwa masahaba, na mji wao ulikuwa Madina, naye Mtume (s.a.w.) yuko katikati yao. Hakuna aliyeambiwa kwamba barabara zimekatika kwa ajili ya maasi yake.

KAULI YA KWANZA: "WAMEADHIBIWA"

Ni kweli kwamba Allah (s.w.) aliwaangamiza watu wa Adi kwa upepo. Katika Sura Al-Ahqaf (46), aya ya 24 na 25, tunaelezwa jinsi walivyoliona wingu wakafurahi wakidhani ni la mvua, kumbe ndani yake mna adhabu. Lakini habari hiyo tumeijua kwa wahyi. Sisi tuliobaki hatuteremshiwi wahyi wa kutueleza nani kaadhibiwa na nani katahiniwa.

Tuangalie Mtume (s.a.w.) mwenyewe alivyoitumia habari ya Adi. Bi. Aisha (r.a.) anasimulia kwamba alipoona wingu au upepo uso wake ulibadilika, akawa anaingia na kutoka, na mvua iliponyesha moyo wake ukatulia. Alipoulizwa, alisema anachelea lisije likawa kama lile la Adi. Aliihofia nafsi yake na watu wake. Hakunyoosha kidole kwa watu wa mji mwingine. Na upepo ulipovuma alimuomba Allah (s.w.) kheri yake na kheri iliyomo ndani yake, akajikinga na shari yake, tena alikataza upepo usitukanwe.

Zaidi ya hayo, amesema Mtume (s.a.w.), katika hadithi sahihi, kwamba miongoni mwa mashahidi ni aliyekufa maji na aliyeangukiwa na jengo. Basi mvuvi wa Kilwa aliyechukuliwa na maji na mama aliyeangukiwa na ukuta, kwa Muislamu, wanatarajiwa daraja ya shahada. Nani atathubutu kuwaita walioadhibiwa? Mwenye kusema hivyo juu ya maiti huenda anasema kinyume cha Mtume wake. Nao walio hai wanasikia, na maneno hayo huwaumiza mara ya pili.

KAULI YA PILI: "UTABIRI NI KUDAI GHAIBU"

Wenye kusema hivi hutaja mwisho wa Sura Luqman (31), aya ya 34, inayohesabu mambo ambayo ujuzi wake uko kwa Allah (s.w.), na kuteremka kwa mvua kumetajwa humo. Aya ni haki. Lakini Allah huyohuyo, katika Sura Ar-Rum (30), aya ya 48, ametueleza utaratibu wa mvua: pepo huyatimua mawingu, yakatandazwa, yakawa mapande, kisha matone yakatoka kati yake. Anayeuangalia utaratibu huo haingii katika ghaibu. Anasoma alama zilizowekwa na Muumba.

Mtaalamu wa hali ya hewa hufanya kama wafanyavyo wazee wetu wanapoangalia mawingu upande wa Ziwa Rukwa na kusema jioni itanyesha. Tofauti ni kwamba yeye anaona kwa setilaiti na anapima joto la bahari. Naye mwenyewe hasemi "hakuna shaka". Husema "inatarajiwa". Mwezi wa Aprili 2021 kimbunga Jobo kilitarajiwa kufika pwani ya Tanzania, kikadhoofika kabla ya kuleta madhara makubwa. Je, ile tahadhari ilikuwa uongo? Hapana. Ilikuwa ni elimu ya mwanadamu, yenye mpaka, na juu yake iko amri ya Mola.

Nabii Yusuf (a.s.), katika Sura Yusuf (12), aya ya 47 hadi 49, aliwaeleza watu wa Misri kuhusu miaka saba ya neema na saba ya shida. Elimu yake ilitoka kwa Allah (s.w.), tofauti na hii ya vipimo. Lakini angalia alichowaagiza: walime, na mavuno wayaache katika masuke yake ila kidogo cha kula. Onyo lilikuja ili watu wafanye kazi. Hawakuambiwa wakae wakisubiri njaa.

KAULI YA TATU: "IMEANDIKWA TU"

Kauli hii ndiyo inayoua. Tarehe 18 Julai 2012, siku chache kabla ya Ramadhani, boti ya abiria MV Skagit ilipinduka karibu na kisiwa cha Chumbe ikitoka Dar es Salaam kwenda Zanzibar. Siku hiyo bahari ilikuwa na upepo mkali na mawimbi makubwa, na watu wengi walipoteza maisha. Tunawaombea rehema. Mwezi wa Mei 2024 boti zilifungwa bandarini, na abiria wengine walinung'unika kwa kucheleweshwa. Kunung'unika ukiwa bandarini ni bora kuliko kuliliwa na jamaa zako.

Khalifa Umar bin Khattab (r.a.) alipokuwa njiani kwenda Shamu alipata habari kwamba huko kuna tauni. Akashauriana na watu, akaamua kurudi. Abu Ubayda (r.a.) akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Allah. Umar (r.a.) akajibu kwamba ndiyo, wanaikimbia kadari ya Allah kwenda kwenye kadari ya Allah. Akampigia mfano wa mwenye ngamia anayeteremka bonde lenye ng'ambo mbili, moja ina malisho na nyingine ni kavu: akichunga hapa au pale, yote ni kwa kadari. Baadaye Abdurrahman bin Auf (r.a.) akaja na hadithi ya Mtume (s.a.w.) iliyoafiki uamuzi ule.

Basi kumfunga ngamia kwanza kisha kutegemea, kama alivyofundishwa yule bedui na Mtume (s.a.w.), ni kanuni ya ngamia, ya jahazi la Mafia na ya mtumbwi wa Kasanga vilevile. Manahodha wa zamani waliijua. Kusi lilipoanza kuchafuka na masika kushika, walipandisha vyombo vyao pwani wakavitengeneza. Hawakuwa na upungufu wa imani.

SISI WA LAELA: RADI

Kimbunga hakitufikii, lakini radi inatufikia kila msimu. Na hapa kwetu kuna neno la nne: kwamba radi hutumwa na mtu. Radi ikipiga, baadhi ya watu huanza kumtafuta "aliyeituma", na mara nyingi anayetajwa ni mzee au mjane asiye na mtetezi. Neno hili limebomoa udugu na kuwatoa watu majumbani mwao.

Sura Ar-Ra'd (13), aya ya 12 na 13, inaeleza kwamba Allah (s.w.) ndiye anayetuonesha umeme, kwa khofu na kwa tumaini, na kwamba radi humsabihi kwa kumhimidi, na Yeye ndiye anayeipeleka. Aidha, siku aliyofariki Ibrahim, mtoto wa Mtume (s.a.w.), jua lilipatwa, watu wakasema limepatwa kwa ajili ya msiba ule. Mtume (s.a.w.), akiwa na majonzi yake, alisimama akawakanusha: jua na mwezi ni alama mbili za Allah, hazipatwi kwa kufa wala kuishi kwa mtu. Kama hakukubali alama ya mbinguni ifungamanishwe na mwanawe, sisi tutaifungamanishaje na bibi wa jirani? Na Sura Al-Hujurat (49), aya ya 12, imetukataza dhana mbaya.

Radi ni umeme unaojikusanya ndani ya wingu kwa msuguano wa chembe za barafu, kisha ukaruka. Hupenda kupiga kilichosimama juu zaidi. Kwenye uwanda ulio wazi kama wetu, kilicho juu ni mti mmoja shambani, au mchungaji aliyesimama peke yake.

MAMBO YA KUFANYA

1. Ukiona mwako wa radi, hesabu sekunde mpaka usikie mngurumo. Kila sekunde tatu ni kama kilomita moja. Zikiwa chini ya 30, ingia ndani ya nyumba.
2. Usijikinge chini ya mti. Acha mpira, acha jembe, toka mtoni. Kaa mbali na waya na uzio wa chuma.
3. Subiri nusu saa baada ya mngurumo wa mwisho ndipo utoke.
4. Aliyepigwa na radi hana umeme mwilini. Mshike, msaidie kupumua, mpelekeni hospitali haraka. Kumwacha kwa kuogopa ni kumuua.
5. Sikiliza taarifa za TMA, uwaeleze wazazi maana yake: angalizo ni rangi ya njano, tahadhari ni rangi ya chungwa, tahadhari kubwa ni nyekundu. Wenye jamaa wavuvi Kasanga au Ziwa Rukwa wapelekeeni habari.
6. Usieneze habari usiyoihakikisha. Rejea Sura Al-Hujurat, aya ya 6.
7. Mvua ikiwa kubwa na njia ina matope, kuswali nyumbani ni ruhusa. Ibn Abbas (r.a.), siku ya mvua, alimwamuru muadhini awatangazie watu waswali majumbani mwao. Walipostaajabu, alisema amefanya hivyo aliye bora kuliko yeye, na kwamba hakupenda kuwatoa watembee kwenye matope na utelezi.
8. Leta dua ya upepo, dua ya mvua yenye manufaa, na ile ya kuomba mvua ipite pembezoni.
9. Maafa yakiwapata wengine, anza na kutoa, kisha dua. Maneno ya lawama yaache. Waumini ni kama mwili mmoja. Kiungo kimoja kikiumwa, mwili wote hukesha.

HITIMISHO

Mtume (s.a.w.) alikuwa mcha Mungu kuliko watu wote, na wingu lilipotanda ndiye aliyebadilika uso. Khofu yake haikumfanya akae bure wala ahukumu watu. Ilimpeleka kwenye dua na kuwahurumia wenziwe. Hiyo ndiyo khofu tunayoitafuta.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini vimbunga vichache tu hufika Tanzania?
2. Katika kisa cha mvua ya Madina, Mtume (s.a.w.) aliomba mvua iende wapi? Kwa nini hakuomba ikome kabisa?
3. Rafiki yako anasema kusikiliza utabiri wa hali ya hewa ni dhambi. Mjibu kwa aya mbili.
4. Eleza mfano wa Umar (r.a.) wa bonde lenye ng'ambo mbili.
5. Radi imepiga mtaani kwenu na watu wanamtaja mzee mmoja. Utasema nini, na kwa dalili gani?

Majibu mjadiliane na wazazi nyumbani, kisha myalete darasani.